Pikapu ya Fundi Ndwiga

Jumapili, saa nane na dakika ishirini mchana, Beverlyne alitoka kanisani akamkuta mumewe, Ndwiga, amelala chini ya pikapu kwenye uwanja wake wa kazi. Jeki ilikuwa imeanguka. Gari lilikuwa limemkalia kifuani.

Inspekta Wawira alifika uwanjani hapo, nyuma ya soko la Gachoka, saa tisa na nusu. Ndwiga alikuwa fundi wa pampu za maji. Mwezi uliotangulia alikuwa amenunua pikapu hiyo kuukuu kwa Mzee Kathuri wa Mitunguu, aigeuze karakana ya kutembea nayo. Badala ya wakulima kumbebea pampu zilizoharibika, yeye angewafuata mashambani na jenereta, mashine ya kuchomelea na vifaa vyake vyote.

"Jeki imeteleza," akasema konstebo. "Ajali tu."

"Mume wangu hawezi kuingia chini ya gari bila stendi za kulishikilia," Beverlyne akasema. "Hawezi, Madam. Hata awe na haraka namna gani."

Wawira alizikuta stendi mbili za chuma ndani ya droo mpya iliyofungwa ubavuni mwa pikapu. Miguu ya stendi hizo ilikuwa imezama kwenye rangi ya kijivu ambayo bado ilikuwa mbichi. Jioni hiyo daktari akampigia simu: Ndwiga alikuwa amepigwa kisogoni kabla gari halijamwangukia.

Watu wa soko walimtaja Mwiti, fundi aliyemtengenezea Ndwiga droo za pikapu. Waliwasikia wakigombana asubuhi hiyo. Jumatatu saa mbili asubuhi Mwiti alikuwa kituoni.

"Tuligombana, sikatai. Alisema droo moja imekaa upande. Nikairekebisha, nikazipaka zote rangi saa tano, nikaenda zangu."

"Uliacha gari likiwa vipi?"

"Mbele limeinuliwa, liko juu ya stendi. Na taa ya kushoto ilikuwa imetolewa, iko kwa meza."

"Una hakika ilikuwa mezani?"

"Kwa meza, Madam. Karibu niimwagie rangi."

Wawira alimwachilia. Aliyetia stendi ndani ya droo hakujua kwamba rangi ilikuwa mbichi, na Mwiti ndiye aliyeipaka.

Alirudi uwanjani. Taa ya kushoto sasa ilikuwa mahali pake, imeshikwa na skrubu mbili badala ya nne. Aliwasha taa; hiyo haikuwaka. Mtu aliirudisha bila kuunganisha waya. Wawira akaing'oa. Bati la nyuma yake lilikuwa limewahi kubonyea, likanyooshwa na kupakwa rangi upya. Katika mkunjo mmoja kulikuwa na ushanga mweupe wenye herufi Y.

Aliwapigia polisi wa Mitunguu. Walikuwa na faili moja isiyofungwa: Phyllis, miaka ishirini na minne, muuza ndizi, aligongwa asubuhi moja ya Machi mwaka jana na gari lililotoroka. Mama yake alieleza kwamba bangili ya shanga yenye jina lake haikuonekana.

Jumanne saa nne Wawira alikuwa sebuleni kwa Mzee Kathuri.

"Ndwiga alikupigia simu Jumamosi jioni, Mzee. Mlizungumza dakika tisa."

"Hati za gari. Alitaka tubadilishe jina."

"Na Jumapili mchana?"

"Nilikuwa kanisani. Mimi ni mzee wa kanisa, uliza mtu yeyote."

"Nimeuliza. Uliondoka kabla ya mahubiri. Na kwenye usukani wa gari lako lililo hapo nje kuna rangi ya kijivu. Umejaribu kuisugua, haikutoka."

Kathuri alizitazama kucha zake.

"Aliipata bangili nyuma ya taa," akasema hatimaye. "Hakunitisha. Alinipa siku mbili niende polisi mwenyewe, akasema atanisindikiza. Nilienda kumwambia nimekubali. Kweli nilikuwa nimekubali. Halafu nikaiona bangili pale mezani, na yeye amenipa mgongo, ameinama akitafuta spana, nikafikiria kanisa, watoto wangu, jina langu... Alipoanguka nilimvuta chini ya gari. Nikatoa stendi, nikaangusha jeki, nikairudisha taa."

"Bangili iko wapi?"

Akaelekeza koti lililotundikwa mlangoni. "Nilishindwa kuitupa."

Mchana huo Wawira alikwenda kwa mama yake Phyllis, akamweleza yaliyompata Ndwiga, akamwonyesha bangili ndani ya mfuko wa plastiki. Mama aliishika kupitia plastiki, akapapasa herufi moja moja.

"Huyo fundi alimjua mwanangu?"

"Hapana, Mama."

"Anazikwa lini?"

"Jumamosi. Gachoka."

Jumamosi, kabla ya watu kujaa, mama mmoja asiyejulikana na mtu aliingia uani, akauliza mjane ni yupi. Akaketi kando ya Beverlyne, akamshika mkono, na hakuuachilia mpaka mazishi yakaisha.