Kengele Chini ya Bendera Nyekundu

Gari liliteleza kwenye barafu, likaacha barabara na kubingirika hadi kijitoni. Theluji ya Montana haina adabu: ilianza kulifunika magurudumu yakiwa bado yanazunguka.

Marlys alitoka na mkwaruzo wa shavu tu. Mjomba wake, Orrin, bati lilikuwa limempasua paja.

"Mkanda wako," alisema Orrin. "Funga juu ya kidonda. Kaza. Unaogopa nini?"

Alikaza mpaka mzee akauma kola ya koti. Damu ilipungua, haikukoma. Simu walikuwa wameziacha nyumbani, maana kambi waliyokuwa wakienda, ya wapiga shabaha wa gumegume, zile bunduki za kale za baruti, hairuhusu kitu ambacho babu wa babu yao hakuwa nacho. Marlys alikuwa amewacheka njia nzima. Sasa aliwachukia.

"Bunduki yangu imepona?"

"Mjomba, unavuja damu unaulizia kuni?"

"Ilete. Shindilia, upige tatu kwenye lile tuta. Wa kambini watajua kuna shida."

Aliitoa kwenye mfuko wake wa ngozi. Kitako cha mti mgumu uitwao mepo, Orrin alikichonga mwenyewe majira mawili ya baridi, akakipaka mafuta kwa kiganja hadi mistari ya mti ikang'aa. Marlys alipiga tatu. Nyuma ya kilima, kambini, milio ikajibu, kisha kimya. Hakuna aliyekuja.

Orrin alifumba macho. "Mjinga mimi. Dhoruba imewafanya wafunge uwanja. Gumegume ikishashindiliwa huitoi risasi ila kwa kuifyatua, basi kila mtu anafyatua yake. Wamedhani milio yetu ni ya wenzao."

Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Marlys akatikisa pembe ya baruti. Ilikuwa imepasuka garini, theluji ikaingia. Iliyobaki kavu ilitosha mara moja tu.

Upepo ukafungua pazia la theluji kidogo. Ng'ambo ya bonde, chini ya bendera nyekundu ya kufunga uwanja, lilining'inia bamba la chuma wanaloliita kengele.

"Bendera ikiwa juu, anayelipiga anafukuzwa," alisema Marlys taratibu. "Verna, mkuu wa uwanja, hukimbia mwenyewe kumtafuta."

Orrin akafumbua jicho moja. "Angalia kwanza kama kuna mtu kule."

Aliangalia mpaka akaridhika. Akashindilia risasi kwa mdeki, akafunika baruti ya kuwashia kwa kofia upepo usiibebe, akaegemea jiwe. Kitako kilikaa shavuni pake kama kilichochongwa kwa ajili ya shavu hilo, mtutu ukatulia wenyewe, na kwa mara ya kwanza akaelewa mzee alikuwa anatafuta nini kule karakanani.

Cheche, wingu la moshi, mlio. Hakuona kitu. Kisha chuma kikalia, ng'aaa, bonde zima.

Alikaa amemkumbatia mjomba wake mpaka aliposikia farasi, na sauti ya mwanamke akitukana tangu mbali.

"Nani huyo mshenzi amepiga na bendera yangu iko juu?"

Verna aliona theluji nyekundu. Akashuka, akapiga magoti, akakaza mkanda kwa kuuzungusha na kijiti. Orrin akaguna; alikuwa hai. Wengine walipofika na machela ndipo Verna alipogeuka.

"Umepiga wewe?"

"Mimi."

"Shabaha nzuri. Msimu huu na ujao hukanyagi uwanjani kwangu. Sheria ni sheria."

Asubuhi Marlys angeishangilia adhabu hiyo. Hakuwa amelia siku nzima. Hapo ndipo alipolia.