Falonne Afunika Picha

Kila asubuhi, njiani kwenda shule huko Bulengera, Falonne alimsimulia jirani yake Omer hadithi za kitabu chao cha kusoma. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na darasani hakuna aliyesimulia kama yeye. Kumbe hakusoma! Alitazama picha, akakumbuka vipande alivyosikia kwa wenzake, mengine akayatunga. Sauti yake nzuri ilimfanya achaguliwe na mwalimu kusoma somo kwenye misa ya watoto ya Jumapili.

Siku moja Madame Élise, mwalimu wao aliyehamishwa kutoka Kisangani, alifungua ukurasa mpya. "Falonne, anza."

Falonne aliitupia picha jicho. Baba na mama walikuwa wakigeuza mbegu zilizoanikwa kwenye turubai. Kwao walilima kahawa, basi hakusita. "Familia inaanika kahawa!"

Darasa likaangua kicheko.

"Mais Falonne, iko kakao! Imeandikwa hapo!" Omer alipaza sauti. "Batu ya Oicha, benye kulima kakao, basikusikie!"

Wengine walipotoka, Madame Élise alimbakiza. "Unasoma, ao unaangalia tu picha?"

Falonne alikiri. "Naangalia picha, Madame. Maneno inanichanganya. Na somo ya kanisa haina picha hata moja."

"Basi Omer atasoma mahali pako."

"Hapana, Madame! Nifundishe. Nitasoma mimi!"

Mwalimu alimtazama, akatabasamu. Alichukua daftari, akaifunika picha. "Donc, tuanze kazi. Kwanza maneno."

"Fa-mi-lia... ina-a-nika... ka-ka-o." Falonne alisoma polepole.

"Sasa funua."

Falonne alishangaa. Kando ya turubai palikuwa na maganda makubwa ya kakao, yamepasuliwa. Yalikuwepo tangu mwanzo, lakini hakuyaona.

Tangu siku hiyo alifunika, akasoma, akafunua. Omer naye alikuja kumsaidia, akiziba picha kwa viganja vyote viwili. "Soma kwanza, mama! Mimi siachii!" Kwa somo la kanisani, Madame Élise alimwambia asome kila sentensi, kisha aichore mwenyewe. Aliposhindwa kuichora, alijua hajaielewa, akairudia.

Jumapili ilipofika, Falonne alisimama mbele ya kanisa lililojaa. Mbele yake palikuwa na herufi tupu. Alisoma vizuri, halafu neno moja likamkwamisha. Watu walisubiri. Alirudi nyuma, akalisoma silabi kwa silabi, akaendelea hadi mwisho.

Nje, alimkimbilia mwalimu. "Madame, nilikwama!"

"Nimesikia. Na ulirudi." Madame Élise alimshika bega, akawageukia na wanafunzi wenzake waliosimama hapo. "Batoto, picha ni rafiki, inatusaidia kuelewa. Lakini haiwezi kusoma mahali pako. Falonne alisema ukweli, akafanya kazi. Leo amerudia neno lililomshinda. Mutu wa kubahatisha harudi nyuma. Anayerudi ni yule anayesoma."