Njia ya Kwakibwana

Njia iliwaishia kwenye kiwanja kitupu saa nne asubuhi, na hapo Stefano akajua kwamba amewaingiza watoto wake porini.

Nyumba zilikuwapo, au tuseme kuta zake. Paa hazikuwapo, milango imeng'olewa, magugu yameota jikoni. Hakuna kuku, hakuna moshi, hakuna hata mbwa wa kuwabwekea. Kisimani walikuta matope makavu na mifupa ya mbuzi.

"Kibwana yuko wapi?" Filomena alimwuliza mumewe.

"Bila shaka amehamishwa. Wote wamehamishiwa kijiji cha ujamaa. Haya ni mahame."

"Na wewe hukujua?"

Hakujua, na usimcheke haraka. Stefano alikuwa Mshambaa, karani wa mkonge huko Mazinde, akiishi Kilole, Korogwe. Likizo ile ya mwaka sabini na nne aliwaahidi binti zake wawili kwamba watakwenda Mazingara kwa Mzee Kibwana, mkata mkonge aliyewahi kufanya naye kazi, wakaone wanyama. Rosina alikuwa na miaka tisa, Grasiana mitano, na kwa wanyama watoto wale walikuwa hawaambiliki. Nyumbani walifuga sungura, kobe, na kuku mmoja kiwete ambaye ole wake mtu amsogelee na kisu.

Lori liliwashusha njia panda alfajiri. Walimkuta mama mmoja na jembe begani.

"Shikamoo mama," Stefano alisema. "Tunakwenda kwa Kibwana."

"Marahaba. Kwakibwana? Shikeni njia hii hii. Mnafuata nini huko?"

"Wanyama!" Rosina alidakia.

Yule mama akacheka. "Ha! Basi mtawakuta tele."

Huku Uziguani mji huitwa kwa jina la mtu aliyeufungua. Mwenyewe akihama, jina hubaki pale pale. Stefano alimwulizia mtu, akaonyeshwa mahali. Mzigua angerudia swali: Kwakibwana, au kwa Kibwana mwenyewe? Neno moja tu, jamani, nalo hakulisema.

Maji yaliyobaki kwenye kibuyu hayakuzidi vikombe viwili.

"Turudi tulikotoka," Filomena akasema. "Sasa hivi."

Wakarudi. Lakini asubuhi walipokuja walikuwa wakitazama ndege na vicheche, si njia, na sasa njia zilikuwa nne, zote zimekanyagwa vizuri. Stefano akachagua iliyo pana kuliko zote. Kwao milimani njia pana ni ya watu. Hapa ilikuwa ya tembo. Walikuwa wameifuata zaidi ya saa nzima Rosina alipoinama juu ya rundo la kinyesi, akaligusa kwa kijiti.

"Baba, bado kina joto," akanong'ona. Hakuwa na furaha hata chembe.

Miiba iliwachana miguu. Maji yakaisha saa sita. Grasiana alilia akitaka maji, akatapika, akalia tena. Stefano alimbeba mgongoni. Ilipofika saa nane mtoto alinyamaza, na ngozi yake ikawa kavu na ya moto.

"Halii tena, Baba Rosina."

"Amesinzia."

"Hajasinzia! Mtazame macho. Usinidanganye, mtoto anakufa huyu."

Stefano akaongeza hatua. Alikuwa akijua.

Waliteremka kwenye mto mkavu. Wote watatu wakachimba mchanga kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Maji hawakuyapata. Walipata mchanga wenye unyevu tu. Filomena aliufunga kwenye pindo la khanga, akaukamua kwa nguvu zake zote. Yakadondoka matone matatu kwenye midomo ya Grasiana. Mtoto hakumeza.

Ndipo waliposikia: ko! ko! ko! Ng'ambo ya mto, mbali kidogo.

"Debe!" Filomena akaruka. "Watu wale! Wanafukuza wanyama shambani!"

Stefano akamweka Grasiana vizuri mgongoni, akamshika Rosina mkono, wakaanza kuvuka mchanga wakikimbia kuelekea kwenye sauti. Hakuna aliyefikiri kwamba mnyama akifukuzwa lazima apite mahali. Walikuwa katikati ya mto vichaka vya mbele vilipoanza kuvunjika.

Tembo walitoka kama nane, masikio wazi, vumbi limewafunika magoti. Filomena alipiga ukunga. Stefano aligeuka, akakimbia, akaparamia ukingo na kujitupa nyuma ya shina la mkuyu, Grasiana bado yuko mgongoni. Filomena akaanguka kando yake. Stefano akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa mtupu.

Rosina alikuwa amesimama palepale mchangani, mikono imeshika gauni. Tembo walimpita kulia, walimpita kushoto. Jike moja lenye ndama lilisimama mbele yake, likainua mkonga, likamnusa nywele. Mkojo ulimtiririka Rosina miguuni. Filomena aliitia khanga mdomoni akaiuma asije akapiga kelele. Kisha debe likalia tena, karibu zaidi, na lile jike likamsukuma ndama wake, wakaenda zao.

Wanaume sita wakatokea na mapanga, wakiwafuata tembo waliovamia mihogo ya kijiji mchana kweupe. Aliyeshika debe alikuwa Mzee Kibwana.

"Stefano? Umepita wapi wewe?"

"Maji, mzee! Mtoto!"

"Taratibu. Tone kwa tone, usimjaze. Mlowesheni na kichwa."

Walimnywesha maji yao kwa kifuniko cha kibuyu kwa muda mrefu. Mwishowe Grasiana alikohoa, akafumbua macho, akalia kwa machozi ya kweli. Filomena alicheka na kulia kwa pamoja.

"Nani aliwaelekeza huku porini?" Kibwana aliuliza.

"Nilisema nakwenda kwa Kibwana."

Mzee akajishika kichwa. "Maskini mimi. Mwaka wa pili sasa siko Kwakibwana."

Kijijini waliwapa mkeka na uji. Rosina alikaa ubavuni mwa mama yake. Stefano akachutama mbele yake na bakuli.

"Baba," Rosina akasema, "uliniachia mkono."

Angeweza kusema mengi: vumbi, mzigo mgongoni, miguu iliyokimbia bila kumwuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Niliogopa, nikakuacha."

Rosina alimtazama. "Grasiana amekunywa tena?"

"Amekunywa."

"Basi," Rosina akasema. Akalipokea bakuli, akainuka, akaenda kukaa upande wa pili wa mama yake, mama akawa kati yake na baba.