Nta Ndani ya Pishi

Nyumba ya Bibi Hajira pale Visiga haikuwa na habari ya kubisha hodi. Mlango ulikuwepo, tena wa mbao nzuri, lakini kuanzia asubuhi ulibaki wazi na watu waliingia wakiwa tayari wanazungumza, salamu ikifuata nyuma. Huyu kaja kuomba chumvi, yule kaleta habari ya harusi ya Mlandizi iliyovunjika siku ya kupeleka mahari. Hamisa, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, alikwishazoea. Akitoka shule alivua viatu, akagawa shikamoo saba nane kwa mpigo, kisha akashika ufagio huku masikio ameyaacha barazani.

Lakini alasiri hiyo, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, masikio hayakusikia kitu. Alifagia mahali pamoja mara tatu mpaka vumbi likaisha.

"We Hamisa, unachimba kisima?" Bibi aliuliza. "Toka jana unahangaika kama umekalia siafu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Bibi."

Kitu kilikuwepo. Kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cheupe. Kilikuwa pishi.

Kama hujawahi kuiona pishi, ni chombo cha kupimia nafaka. Hii ilikuwa ya mti wa mninga, duara, inafanana na kinu kidogo kilichokatwa mguu. Aliichonga babu yake Bibi Hajira huko Kisarawe, na Bibi alihama nayo akiwa bi harusi. Mwaka mzima ilikaa tu juu ya kabati, ikipakwa mafuta ya nazi mara mojamoja. Kazi yake ilikuwa moja: mwisho wa Ramadhani, kupima fitri. Kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga, hutolewa pishi moja ya mchele kwa ajili ya wasio nacho, na lazima iwafikie kabla ya swala ya Idi. Siku hizi wengi hupima kwa kilo dukani. Mtaa ule, hapana. Walisema fitri bila pishi ya Bibi Hajira haina ladha, wakaja kila mwaka na mchele wao.

Sasa sikiliza alichokifanya Hamisa.

Wiki iliyotangulia, Mwalimu Ipyana aliwaambia Darasa la Sita, "Kila kitu mnachokishika nyumbani kina kwao. Kileteni, mtuambie kilifikaje hapa." Stellamaris alileta debe bovu. Alieleza kuwa zamani madebe yalikuja yamejaa mafuta ya taa; mafuta yakaisha, watu wakaona chombo hiki ni kizuri, wakaanza kupimia mahindi. Hashiru alileta sado, ile ndoo ya plastiki ya kupimia nyanya sokoni, akaeleza kuwa ilianza maisha yake ikiwa ndoo ya rangi ya nyumba. Darasa likacheka na kupiga makofi.

Hamisa akataka makofi zaidi ya yale. Akaichukua pishi bila kuomba. Alipoiona imekuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi, akaona aibu kuipeleka vile. Akailoweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni ya unga, na Jumamosi akaianika juu ya paa la bati la jikoni. Saa saba mchana mti ulilia: pa! Ufa ukafunguka kitakoni, mpana wa kupitisha punje za mchele.

Hakumwambia mtu. Aliyeyusha pakiti nzima ya mishumaa akaimimina ndani. Nta ikaziba ufa, ikaganda, ikatengeneza kitako kipya, kinene kama vidole viwili. Akapaka juu yake mafuta yaliyochanganywa na masizi. Ukichungulia huoni kitu. Jumatatu akasimama mbele ya darasa na kusema, "Tangu ilipochongwa, pishi hii haijawahi kumpunja mtu." Makofi yakapigwa mpaka darasa la jirani wakachungulia.

Ni usiku wa siku hiyo ndipo akili ilipomjia: mahali palipojaa nta hapaingii mchele.

Kwa hiyo alifagia.

Kufika saa kumi baraza ilikuwa imejaa. Mzee Mwinyijuma alikuja na mfuko wake begani, Mama Shamsia na ndoo, na majirani wengine wawili watatu waliokuja kupima na kupiga soga. Anselmi, Msukuma mwenye duka la kona, alisukuma toroli lenye kiroba cha mchele wa Bibi.

"Mtani!" Anselmi aliita kabla hajafika. "Wazaramo mmefunga mwezi mzima, mbona hamjakonda? Mnakula wapi mchana?"

"Mchana tunakula maneno yako," Bibi alijibu. "Ndiyo maana matumbo yanatuuma. Weka mchele, uende zako kuchunga ng'ombe."

Watu wakacheka. Utani wa Wasukuma na Wazaramo ni wa tangu zamani, na mtani hakasirikiwi hata akikusema mbele ya wakwe.

Bibi akaiteremsha pishi, akaifunua. "Mwaka huu," alisema, "Hamisa amefunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza. Atapima yeye."

"Mashallah!" Mama Shamsia akapiga kigelegele.

Hamisa alisogea mkekani. Alianza na mchele wa Mzee Mwinyijuma, watu wanne nyumbani. Akajaza, akaongeza juu, akaongeza tena mpaka ukawa mlima. Labda mlima ungeilipa nta.

"Hapana, hapana," Bibi alisema, akaukata mlima kwa ubao mwembamba. "Pishi ya fitri ni ya mfuto. Usawa wa mdomo, basi. Umefunzwa wapi vichuguu?"

Mbili. Tatu. Nne. Kila pishi ilipomwagwa mfukoni, Hamisa aliona kama mkono wake mwenyewe unachota kwenye chungu cha mtu.

Anselmi alikuwa amejiegemeza kwenye toroli lake. Kutazama mchele ukipimwa ndiyo kazi yake ya kila siku. "Jamani watani," alisema, "pishi yenu leo imekula daku? Mbona inashiba upesi? Mwaka jana haikuwa hivi!"

Baraza ikaangua kicheko. "Huyo ana njaa!" "Mpeni kokwa ya tende!" Hata Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. Hakuna aliyeinama kuchungulia ndani ya pishi. Nani atachukua neno la mtani akalifanya ushahidi?

Hamisa peke yake hakucheka. Ukweli ulikuwa umesemwa kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, na ukapita kama nzi. Mzee Mwinyijuma akabeba mfuko wake, akaaga: "Napitia kwa Nuria moja kwa moja, apike Idi." Nuria alikuwa mjane mwenye watoto wanne, nyuma ya msikiti.

Mama Shamsia akasogeza ndoo. "Haya mwanangu, sisi tuko saba."

Hamisa alichota. Mchele ukamwagika mkekani. Akachota tena. Saba za huyu, tisa za kwetu, na wale wanaongoja. Pishi zote hizi, pungufu. Na Idi huenda ikawa kesho.

"Bibi," alisema. Hakuna aliyesikia; stori ya harusi ya Mlandizi ilikuwa imerudi. "Bibi! Mjomba Anselmi hatanii."

"Nini?"

"Pishi inashiba upesi kweli. Ndani kuna nta. Ilipasuka. Niliipasua mimi."

Bibi Hajira aliichukua pishi, akaingiza ukucha ndani, akakwangua. Kipande cheupe cha mshumaa kikabaki kidoleni. Hamisa alieleza yote, sabuni, bati, makofi ya darasani, maneno yakigongana mdomoni.

"Mwinyijuma kashaondoka," Bibi alisema mwishowe, bila kupandisha sauti, na hilo liliuma kuliko kelele. "Kimbia. Ule mchele urudi hapa kabla haujaingia chunguni."

Hamisa alikimbia bila viatu. Alimkuta Mzee Mwinyijuma mlangoni kwa Nuria, mfuko tayari uko mikononi mwa Nuria, watoto wakishangilia.

"Shikamoo mama, shikamoo babu. Naomba… naomba huo mchele urudi. Ni pungufu. Kosa ni langu."

Mtoto mdogo wa Nuria aliushika mfuko kwa mikono miwili, akauvutia kifuani. Hamisa hakuwahi kuona aibu ya namna ile. "Utarudi, mdogo wangu," alisema. "Utarudi na nyongeza. Nitauleta mwenyewe."

Waliporudi, baraza ilikuwa inabishana. "Sasa tutapimaje?" Mama Shamsia alilalamika. "Pishi ndiyo hiyo imekufa."

"Kabla babu yangu hajaichonga, watu walipima kwa nini?" Bibi aliuliza.

Mama Shamsia akatazama ndoo yake.

"Kwa hii." Bibi aliunganisha viganja vyake akavifanya bakuli. "Viganja viwili vya mtu wa wastani, vikijaa, ndicho kibaba. Vibaba vinne, pishi. Pishi imetoka mikononi. Babu alikaa chini na mchele na viganja vyake, akachonga mti mpaka ukalingana."

"Basi pimia vyako, Bi Hajira."

"Vyangu vimesinyaa, nitawapunja. Vya Mwinyijuma ni makoleo."

"Vyangu je, mtani?" Anselmi alinyoosha mikono.

"Hivyo ni vya kukamata pembe za ng'ombe. Viweke mbali."

Wakati huohuo baba yake Hamisa, Yahya, aliingia akitoka kiwandani Zegereni, kofia bado kichwani. Kabla hajaambiwa kitu alisukumwa kwenda kunawa, akakalishwa mkekani. Akachota mara nne. Anselmi alikimbilia dukani akaja na mizani yake, akauweka mchele ule juu yake. Mshale ukacheza, ukasimama karibu kabisa na kilo mbili na nusu, kama wanavyotangaza msikitini.

"Wallahi, Wazaramo mna mizani mikononi!" Anselmi alisema, na safari hii hakuwa anatania sana.

Ndipo baba alipoelezwa. Alimtazama binti yake, akatikisa kichwa, akaendelea kuchota. Hamisa alishika mifuko, akahesabu, akafunga. Ya Mzee Mwinyijuma ilipimwa upya. Kisha Hamisa akaingia ndani, akatoka na bakuli la mchele mbichi, fungu lake mwenyewe la chakula cha Idi, akauongeza kwenye mfuko wa Nuria. Alikuwa ameahidi nyongeza. Jua lilikuwa linashuka alipoufikisha, na mtoto yule aliupokea kwa tahadhari, akimwangalia asije akauchukua tena.

Alipofika nyumbani watu walikuwa wanajitayarisha kufuturu. Bibi alimwita chumbani. Pishi ilikuwa mapajani mwake, nta yote imekwanguliwa, ufa uko wazi.

"Nisamehe, Bibi. Nimeiharibu pishi ya babu yako."

"Mti hupasuka, Hamisa. Ungekuja na ufa wako ile Jumamosi, ningekufokea, ningelia kidogo, kisha tungepimia mikono ya baba yako. Wewe uliona aibu ya ufa, ukaziba. Nani alikuwa anailipa aibu hiyo? Watoto wa Nuria. Kosa ukilificha haliishi, linahama tu, linakwenda kumkalia mtu mwingine asiyejua hata limetoka wapi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Na mbele ya watu umesema mwenyewe. Ulikuwa na nafasi ya kucheka na wenzako, ukaikataa. Hilo nimeliona." Akamkabidhi pishi. "Shule ikifunguliwa baada ya Idi, ipeleke tena. Hivihivi, na ufa wake. Uliwaambia haijawahi kumpunja mtu. Kawaambie na habari hii."

Nje adhana ya magharibi ilianza. Barazani Mama Shamsia alikuwa anaita tende ziletwe, Anselmi analalamika kwamba mtani hajaandaliwa kikombe. Hamisa aliiweka pishi juu ya kabati, kitambaa akakikunja pembeni bila kuifunika, akatoka kugawa tende.