Bahasha Iliyorudi na Gundi Yake

Usijifanye hukuona. Siku pesa yetu ilipoporomoka ulisema, "Hayo ni mambo ya wakubwa," ukaongeza sauti ya redio kutafuta mpira. Mimi nakumbuka. Nakumbuka hata timu zilizocheza. Basi leo nakusimulia mapenzi, maana habari za deni la taifa ungeziruka. Keti.

Walikutana Jumatano asubuhi katika ukumbi wa benki kuu, siku bomba lilipopasuka. Wakubwa wenye suti walikuwa wamekunja suruali hadi magotini. Fundi wa mtambo wa maji wa jiji akaingia: ovaroli ya buluu, buti za mpira, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, spana begani kama bunduki. Akamkuta kijana wa shati jeupe amesimama juu ya kiti, amekumbatia rundo la bahasha.

"Shuka, Karani. Maji hayang'ati."

"Siwezi, dada. Hizi ni bahasha za mnada."

"Mnauza nini, viti?"

"Deni la taifa."

Fundi akafunga koki, akageuka taratibu. "Mimi nikidaiwa najificha. Ninyi mnapiga mnada?"

Karani akacheka hadi kiti kikayumba. Akamweleza, maji yakimchuruzika viatuni: serikali ikitaka kukopa hutoa hatifungani, na anayeinunua ndiye anayeikopesha na kulipwa riba. Kila mtaka kununua huleta bahasha yenye kiasi anachotaka kukopesha. Na katika kila mkopo, sehemu saba kati ya kumi hushikwa na watu wa nje.

"Hao wa nje wakituchoka?"

"Wanauza zote kwa mpigo, wanahamisha pesa zao, wanakwenda."

"Na sisi?"

Karani akaomba namba ya simu.

Akapewa, na kuanzia hapo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi la majalada."

"Ongeza sauti, laazizi! Pampu namba tatu ina wivu."

Jumapili walitembea mjini wameshikana mikono, Fundi na gauni lake la njano, Karani na tai ya kijani. "Tai yako fupi kama mshahara," alimtania. Karani akaivaa tena Jumapili iliyofuata, makusudi.

Fundi alilelewa na shangazi yake, msoma mita mstaafu na mwenyekiti wa ushirika wa akiba wa wafanyakazi wa maji. Shangazi aliposikia habari za mnada alipiga meza. "Kama serikali inakopa, ikope kwetu! Mkopeshaji anayekunywa bomba hilihili hatathubutu kulikata."

Wanachama mia mbili na kumi na wanne wakachanga miezi minane. Fundi mwenyewe akaifunga bahasha kwa gundi nyeusi ya kuzibia mipira ya maji, kwa sababu gundi ya ofisini hakuiamini.

"Leteni," Karani alimwambia. "Nitaipokea kwa mkono wangu."

Bahasha ilirudi baada ya siku tatu. Juu yake muhuri mwekundu: NAFASI IMEJAA. Fundi akapitisha kidole ukingoni. Gundi haikuwa imeguswa.

Akapiga simu. "Mliifungua bahasha yetu?"

"Hapana. Ndio utaratibu, kipenzi. Tunaanza na bahasha nene, za pesa nyingi. Zikitimiza kiasi, hizi ndogo zinagongwa muhuri tu."

"Bila kusomwa?"

"Miaka yote ni hivyo."

"Muhuri aligonga nani?"

"Mimi. Zilikuwa mia tatu, nagonga bila kutazama..."

"Mkono huohuo ulionishika kiuno?"

"Nisikilize, mahabuba..."

"Nafasi imejaa," akasema, akakata.

Miezi mitatu ikapita. Kisha huko nje, kwenye miji ambayo hujawahi kuiona, watu wasiokujua wakasikia tetesi, wakauza hatifungani zetu kwa siku mbili. Wakabadilisha pesa yetu wakachukua yao, nayo yetu ikaanguka. Dawa ya kusafishia maji, inayoagizwa ng'ambo, ikapanda bei mara mbili. Serikali ikatafuta wakopeshaji wapya, nao wakataka riba kubwa na sharti moja: mtambo wa maji ukabidhiwe kampuni watakayoitaja wao. Tangazo likabandikwa getini: wafanyakazi wote watoke ifikapo mwisho wa mwezi. Mkataba utatiwa saini baada ya mnada wa Jumatano ya kwanza ya mwezi unaofuata.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi walikula wao, matanga yamekuja kwetu. Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unajaza ndoo.

Wafanyakazi hawakutoka. Walifunga geti kwa ndani, pampu zikiendelea kunguruma ili mji usikose maji. Ijumaa adhuhuri Karani akatokea, jasho shingoni, tai hana.

"Mkwe wa bahasha huyo," Shangazi akasema. "Amesahau muhuri?"

"Ninao, Shangazi." Akautoa mfukoni. Kisha akazungumza na wote kupitia nondo za geti. Kwenye mnada wa juzi alianza na bahasha ndogo. Alizifungua zote, akazisoma kwa sauti mbele ya wakubwa: walimu, madereva, mafundi cherehani. Bahasha mia tatu na sita. Zilipojumlishwa zilikaribia nusu ya mkopo mzima.

"Nusu!" mtu akapiga kelele. "Na wanasema wananchi hatuna pesa!"

"Mkuu wangu akaniambia nyamaza. Nikamaliza kusoma, nikaondoka na muhuri. Jana wamenifukuza."

Fundi akasogea getini. "Kwa hiyo huna kazi, huna tai."

"Nina aibu. Nilikuomba uniamini, kisha sikufungua hata bahasha yako."

Fundi akauchukua muhuri. Akautemea mate, akaligonga lile tangazo katikati, wino ukatapakaa: NAFASI IMEJAA. Watu wakapiga vigelegele hadi pampu zikazidiwa.

"Nataka kukuoa," Karani akasema.

"Wewe nitakusoma kwanza. Mimi sigongi bila kufungua."

"Msome haraka, mwanangu," Shangazi akadakia. "Tuna mtambo wa kulinda."

Fundi akafungua geti kiasi cha mtu mmoja kupita. "Jumatano ijayo tunapeleka bahasha yetu tena. Wakikopa kwetu, hawatahitaji kuutoa mtambo. Ingia nami ukumbini, usimame hadi ifunguliwe. Alhamisi walete wazee wako."

Karani akaingia. Geti likafungwa nyuma yake.

Umefurahi, sivyo? Wamepatana, unataka kulala. Amka! Jumatano saa tatu asubuhi mnada unafunguliwa, na ukumbi ukiwa na suti peke yake, mtambo umekwenda, na harusi hiyo watanawa kwa maji ya kununua. Wewe una ushirika, una chama, una majirani. Waite leo. Fungeni bahasha yenu kwa gundi isiyodanganya. Daini isomwe mbele yenu, daini orodha ya wote wanaotudai ibandikwe ukutani. Zima hiyo redio. Vaa viatu.