Vichwa Tisa vya Utavina

Siku Mutwa Ngohelo alipouawa, Watavina walikuwa wamemaliza kuvuna ulezi na maghala yalikuwa yamejaa. Ilikuwa miaka ile Wadachi walipokuwa wakipanda milimani kutoka pwani na mizinga yao, wakijenga maboma na kuwafundisha watu wazima kupiga saluti. Vita vilipiganwa bondeni, chini ya ngome ya mawe, kuanzia umande haujakauka hadi jua likawa utosini. Bunduki ziliponyamaza, wanawake waliteremka kuokota watu wao.

Sekaluli alimkuta mdogo wake, Mutwa Ngohelo, chini ya mti wa msuku. Alimtambua kwa njuga za shaba mguuni na kwa kovu la goti alilolipata utotoni. Kichwa hakikuwapo. Kando yake walilala walinzi wake wanane, nao wakiwa vivyo hivyo.

Hakupiga yowe. Alikaa chini, akanyoosha miguu ili akipakate kichwa chake kama ilivyompasa, akaona hana cha kupakata.

Kwa Watavina, kichwa cha mutwa, yaani mtawala wao, hakiguswi na mtu yeyote ila dada yake mkubwa. Mwezi unapoandama ndiye humnyoa, kwa wembe mmoja wa chuma uliofuliwa na babu yao. Mutwa akifa, dada humnyoa mara ya mwisho, kaburi hufunikwa, na juu ya udongo huo mbichi mrithi naye hunyolewa kwa wembe uleule. Hapo ndipo nchi inapompata bwana mpya. Miaka kumi na minne Sekaluli alikuwa amekinyoa kichwa kile. Kilikuwa kidogo, kidogo hasa, na Ngohelo mwenyewe alikuwa akikifanyia mzaha. "Dada, nyoa polepole," alikuwa akisema, "ukikwangua sana utabaki umeshika shingo."

Waliokata vichwa hawakuwa askari wa serikali. Walikuwa walowezi saba wa Kizungu, wenye mashamba ya bondeni, waliolifuata jeshi kwa hiari yao. Kila mmoja alifunga kitambaa cheupe mkononi, na watu waliwaita Wenye Kitambaa. Walikuwa wamekula kiapo kwamba mtu mweusi asipite mbele yao bila kuinama, asipande farasi, wala asiseme "changu" juu ya ardhi waliyoitazama wakaipenda. Walikuwa wamekwisha kuchoma vijiji viwili, na katika kijiji cha pili walifunga milango kwanza.

Mkubwa wao alikuwa mtu mrefu mwenye miwani, na wapagazi walimwita Bwana Kipimo. Alitembea na koleo la chuma lenye mikono iliyopinda, la kupimia vichwa. Alisema atawaonyesha wataalamu wa kwao, kwa hesabu isiyobishiwa, kwamba Mungu alimuumba mtu mweusi awe mtumishi.

Siku ya tatu baada ya vita alifika Mwadeka, binamu yao, aliyekuwa amejificha vita vilipopiganwa. Alivaa shuka jipya la Wadachi.

"Shangazi wa nchi, kamwene," alisalimu.

"Kamwene. Sema ulichotumwa."

"Wakubwa wa boma wamenichagua niwe mutwa. Ninyoe, tufunike kaburi, watu wapumzike."

"Nifunike kaburi lenye nini?"

"Lenye mwili, dada yangu. Mwili upo."

"Kiwiliwili nimekilaza," Sekaluli alisema. "Mtu bado hajafika. Akifika nitamnyoa, nitamfunika, kisha tutatazama kama wewe una kichwa cha kunyolewa."

Mwadeka aliondoka akikunja shuka lake. Siku hiyohiyo zilifika habari kwamba Wenye Kitambaa wanashuka pwani na msafara wa wapagazi arobaini, na kwamba mzigo mmoja ni sanduku la mninga ambalo Bwana Kipimo haruhusu liwekwe chini bila yeye kutazama.

Sekaluli aliwaita watu watano waliosalia katika kikosi cha mutwa. Mbele yao alikuwa Nyenza, bingwa wa kurusha mkuki, ambaye kaka yake Kadinda alikuwa mmoja wa wale wanane.

"Sanduku likipanda chombo, basi," aliwaambia. "Mdogo wangu hatalala, na Mwadeka atakalia kigoda kwa sababu sisi tulichelewa. Nani anakuja?"

"Mama, unatuuliza kama vile tumekaa kula," Nyenza alijibu, naye alikuwa amekwisha kufunga mkuki wake katikati ya mzigo wa kuni.

Waliufikia msafara siku ya nne ya safari yao. Wanaume walijificha milimani. Sekaluli alivaa kaniki iliyochakaa, akajitwika chungu, akaingia kambini kama wanawake waliofuata misafara wakipikia wapagazi. Mnyapara wa wapagazi, Mnyamwezi mmoja mzee kidogo aitwaye Mihambo, alimtambua kwa chale za mashavuni.

"Mtavina!" alisema kwa sauti ya kucheka. "Ninyi watu wa ajabu. Nimeona watu wakisahau fimbo, wakisahau ugoro. Ninyi mnasahau vichwa?"

Wapagazi waliokuwa karibu walikodoa macho wakidhani mama huyu atalia. Lakini Wanyamwezi na Watavina ni watani tangu misafara ya pembe, na mtani ana ruhusa ya kucheka hata msibani. Tena msibani ndipo mahali pake, kwa sababu yeye ndiye mchimba kaburi.

"Tulikuachia wewe ubebe," Sekaluli alimjibu. "Mnyamwezi akikosa mzigo huugua."

Mihambo alicheka, kisha akainama kana kwamba anaonja uji, na kicheko kikamwisha. "Mtani, nimekibeba kitu hiki siku nne na shingo yangu haijapata usingizi. Mwanangu alichapwa viboko mpaka akafa kwa sababu alimtazama mmoja wao usoni. Unataka nini?"

"Nataka kukiona."

"Kesho mchana anapima watu. Sanduku huwa wazi. Lakini atakushika kichwa."

Sekaluli alitua chungu chini. Yeye pia, kama dada wa mutwa, kichwa chake hakikuwa kimeguswa na mtu mgeni tangu azaliwe.

"Akishike," alisema.

Kesho yake, jua likiwa juu, alisimama kwenye mstari. Bwana Kipimo alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai, na sanduku liko wazi karibu na kiti, limejazwa majani makavu. Zamu yake ilipofika aliketi kwenye gogo. Chuma kilimbana kwenye paji, kikambana juu ya masikio, kikambana kisogoni. Bwana Kipimo alitaja hesabu, mwenzake akaandika. Kisha alimpanua midomo kwa kidole, kama mtu anayenunua punda, akatazama meno.

Sekaluli hakumtazama. Alikuwa akitazama sandukuni.

Vilikuwa tisa. Vilikuwa vimechemshwa na kusuguliwa, hakuna ngozi wala nywele, vyeupe kama vibuyu vilivyokaushwa. Na vyote vilikuwa na jino moja la mbele lililochongwa upande.

Meno yale aliyachongesha yeye. Ilikuwa desturi ya vita: walinzi wa mutwa hunyolewa kama yeye, huchongwa jino kama lake, huvaa njuga kama zake, ili adui asijue amlenge nani. Desturi hiyo ilikuwa imewaokoa mababu watatu. Alikuja akiwa na hakika kwamba mikono yake itakijua kichwa cha mdogo wake hata gizani. Lakini mikono yake ilijua ngozi, ilijua kovu la wembe nyuma ya sikio, ilijua joto. Mfupa mtupu mikono hiyo haikuwa imewahi kuugusa. Alihesabu vichwa vidogo: vitatu, labda vinne. Yeyote kati yao angeweza kuwa Ngohelo.

"Bwana," aliuliza kwa Kiswahili cha misafarani, "mfalme wao ni yupi?"

Bwana Kipimo alifurahi kuulizwa. Alitoa kichwa kimoja kilichofungwa kibandiko chenye namba ya kwanza, akakiinua kwa mikono miwili.

"Hii," alisema. "Hii mfalme. Kubwa. Mimi napima yote, hii kubwa kuliko yote. Hata kwa washenzi, mfalme lazima kubwa."

Sekaluli alikitazama. Alikuwa Kadinda, kaka yake Nyenza, mtu aliyekuwa hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kugonga kizingiti, na ambaye kofia zote za Utavina zilimkataa. Kicheko kilimpanda Sekaluli kifuani, kicheko kichungu, akakimeza.

"Kweli bwana," alisema. "Umepima vizuri sana."

Alasiri hiyo aliwafuata watu wake mlimani na kuwaeleza.

"Kwa hiyo humjui ni yupi," Nyenza alisema.

"Simjui."

"Tumekuja kuchukua kimoja, mama. Watu watano tunaweza kupora kimoja tukakimbia. Tisa ni sanduku zima."

"Nilikuja nimchukue ndugu yangu, niwaache ndugu zenu," Sekaluli alisema. "Ndivyo nilivyofikiri, nisiseme uongo. Sasa amejificha katikati yao, kama alivyokuwa akijificha vitani, na hatatoka peke yake. Tunachukua wote."

Nyenza aliufuta mkuki wake kwa majani. "Hapo umesema," alijibu.

Walishambulia kesho yake asubuhi kwenye kivuko cha Mto Lufita, ambapo maji hufika kiunoni na kamba ya ukindu huvutwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mihambo alikuwa amepanga wapagazi wake. Sanduku lilipofika katikati ya mto, alianza wimbo wa kuvuta, na ubeti wa tatu ukiisha wapagazi arobaini waliangusha mizigo yao yote kwa pamoja. Marobota, hema, masanduku ya mvinyo, kiti cha turubai, vyote vikaenda na maji. Wenye Kitambaa watatu walikuwa bado mtoni juu ya farasi, na farasi wakashtuka.

Mikuki ilitoka matetini. Mkuki wa kwanza wa Nyenza ulimwangusha farasi wa mbele na mtu wake. Mkuki wa pili ulipita kwenye mkono wenye kitambaa, na kitambaa kikawa chekundu. Bunduki zililia kutoka ukingo wa pili. Mmoja wa wale watano alianguka, kisha mwingine. Sekaluli alikuwa ndani ya maji tayari, ameshika sanduku, na kwa ule wembe wa babu alikata kamba za ngozi moja baada ya moja. Risasi ilipasua kifuniko. Sanduku lilipinduka, na vichwa vikamwagika.

Aliokota kimoja akakitia katika kaniki yake, akaokota cha pili, cha tatu. Nyenza, mwenye jeraha begani, alizamisha mkono akaibuka na kile kikubwa chenye kibandiko. Alikikata kibandiko kwa meno, akakitema mtoni.

"Huyu wangu," alisema. "Twende, mama!"

"Bado watano!"

"Mama, twende!"

Vile vitano vilikuwa vimekwama kwenye mchanga, upande wa Wenye Kitambaa. Sekaluli alipiga hatua mbili kuviendea, na risasi zikachemsha maji mbele yake. Mihambo ndiye aliyemshika kiuno akamvuta.

"Mtani, mimi ndiye nitakayechimba," alimfokea. "Usiniongezee shimo!"

Kutoka mwambani ng'ambo ya mto Sekaluli aligeuka kutazama. Alimwona Bwana Kipimo amepiga magoti mchangani, miwani imepotea, akiokota vichwa kwa kupapasa. Aliokota pia kibandiko kilichokuwa kikielea. Akavishika vile vichwa kimoja baada ya kimoja, akachagua kilichozidi vingine, akakifunga kibandiko cha namba ya kwanza. Alikifunga kwa makini, mafundo mawili.

Ndivyo alivyopatikana mfalme wa Utavina katika vitabu vya ng'ambo.

Walirudi nyumbani watu wanne na vichwa vinne, na Mihambo akafuatana nao. Mihambo alichimba, akiwatukana Watavina kila jembe lilipoingia ardhini, kama inavyompasa mtani. Alichimba makaburi tisa ya vichwa. Manne yalifunikwa. Kadinda alilala kwa jina lake, na Nyenza alimnyoa kwa mkono mtupu juu ya mfupa. Watatu walilala bila majina. Matano yaliachwa wazi, kwa sababu hakuna aliyejua mutwa yuko upande gani, na Sekaluli alikataa kubahatisha.

Wadachi walikuja na Mwadeka mwezi uliofuata. Bwana mkubwa wa boma aliamuru anyolewe mbele ya watu wote.

"Mnyoeni ninyi," Sekaluli alisema. "Si mmezoea vichwa?"

Alichapwa viboko ishirini na vitano pale uwanjani. Wanawake walioshuhudia walisema kwamba alipoinuka alitengeneza kaniki yake kwanza, kisha akamtazama yule bwana usoni muda mrefu. Wembe hawakuupata. Walimpa Mwadeka kigoda, lakini hakuna mkono wa Mtavina uliokubali kumnyoa, naye aliogopa kujinyoa. Nywele zake zilikua mpaka mabegani. Watu walimwita Mutwa Manywele hadi alipokufa, na baada yake hakuna aliyekitaka kigoda kile.

Sekaluli alikufa mzee, amewapa wembe wanawake wa ukoo. Kila mmoja aliupokea kutoka kwa aliyemtangulia, akaunoa, akautunza.

Makaburi matano bado yako wazi, yakisubiri vichwa vilivyopelekwa ng'ambo. Mvua huyajaza udongo na watu huyachimbua upya, kina kilekile, kila mwaka baada ya kuvuna ulezi. Mwaka huu kazi itaanza Jumamosi, saa moja asubuhi, na kila nyumba italeta jembe moja.