Fungu Moja la Rozari

Rafiki yangu Novatus, katekista wa Ngara anayewaombea wagonjwa hospitalini, si mtu wa kutunga uongo. Jioni hiyo aliitwa kwa mzee wa Kasulo aliyekata roho kabla padre hajafika kumpaka mafuta.

"Mwalimu, msindikize basi kwa fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi tu," mjane, Bonifasia, alimsihi.

Novatus akaitoa rozari yake mwenyewe, akamfungia marehemu mikononi, msalaba chini ya kidole gumba. Mara mvua ikashuka juu ya bati, umeme ukakatika.

Akaanza gizani, akihesabu kwa vidole: "Salamu Maria..."

Sauti nzito, ya kukwaruza, ikaitikia mpaka mwisho: "...sasa na saa ya kufa kwetu."

Akadhani ndugu wa marehemu kaingia. Mara kumi aliongoza, mara kumi akaitikiwa.

Taa ziliporudi, chumbani alikuwamo Bonifasia tu, ameuma kitenge asilie.

"Mama, nani alikuwa akiitikia?"

"Si wewe mwenyewe, mwalimu?"

Novatus akaitazama mikono ya marehemu. Kidole gumba kilikuwa kimeuacha msalaba. Kilikuwa kimebana punje ya kumi ya rozari.